Mtu wa Nane

Besiboli si mchezo wa kwetu. Katika miji na vijiji vyetu vya Afrika Mashariki, kijana akikuta kitu cha duara njiani atakipiga teke. Hatatafuta gongo la kukipigia. Hata hivyo, kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma habari za mchezo huo, na sababu si mchezo wenyewe. Sababu ni msimu mmoja wa timu moja, timu ya Chicago White Sox, yaani Soksi Nyeupe za Chicago, mwaka 1919. Wachezaji wanane wa timu ile walifungiwa maisha kwa kosa la kuuza mechi za fainali. Saba kati yao naweza kuwaelewa upesi. Wa nane amenisumbua akili, kwa sababu hakupokea hata senti moja, na alicheza kwa nguvu zake zote.

Kwa faida ya msomaji asiyeufahamu mchezo huu, nieleze kidogo. Timu ni mbili, kila moja ina watu tisa uwanjani. Mrushaji husimama katikati ya uwanja na kurusha mpira mdogo mgumu kwa kasi kumwelekea mpigaji wa upande wa pili, ambaye ameshika gongo. Mpigaji akiupiga vizuri hukimbia kuvizunguka vituo vinne, na akirudi salama pale alipoanzia, timu yake hupata pointi moja. Mchezo una awamu tisa. La muhimu kwa habari yetu ni hili: mrushaji ana mamlaka makubwa kuliko mchezaji mwingine yeyote. Ni kama golikipa wetu, ila golikipa anayeugusa mpira katika kila shambulio. Akitaka kuiangusha timu yake, anaweza kufanya hivyo bila kelele. Mpira upungue kasi kidogo, au upite mahali ambapo mpigaji anaupenda, basi. Watazamaji watasema leo mkono wake haukuwa mzuri.

White Sox ilikuwa mali ya Charles Comiskey, mtu aliyekuwa mchezaji katika ujana wake na baadaye akawa tajiri wa mchezo. Timu yake ilikuwa imetwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1906, ikautwaa tena mwaka 1917. Mwaka 1918 vita kuu ya kwanza ya dunia iliitawanya. Wachezaji wengine walikwenda jeshini, wengine, kama Joe Jackson, walikwenda kufanya kazi katika viwanda vya kuunda meli, jambo lililowaletea lawama za magazeti. Vita vilipokwisha, wenye timu waliogopa kwamba watu hawatarudi viwanjani, kwa hiyo wakaupunguza msimu wa 1919 uwe wa mechi 140. Walikosea hesabu. Watu walirudi kwa wingi. Uwanja wa White Sox peke yake ulipata watazamaji zaidi ya 600,000 msimu ule.

Na walikuwa na kitu cha kutazama. Eddie Cicotte, mrushaji mwenye umri wa miaka 35, alishinda mechi 29 na kupoteza 7 tu. Mwenzake Lefty Williams alishinda 23. Jackson, mtoto wa familia maskini ya South Carolina aliyeanza kazi katika kiwanda cha nguo akiwa mdogo na hakujua kusoma wala kuandika, alikuwa mmoja wa wapigaji hodari kuliko wote waliopata kushika gongo. Kituo cha pili alikuwapo Eddie Collins, msomi wa Chuo Kikuu cha Columbia. Kituo cha tatu alikuwapo Buck Weaver, kijana wa Pennsylvania, mcheshi, mwepesi kama swala, ambaye wapinzani waliogopa hata kujaribu kumpitishia mpira wa kuviringika. Huyu Weaver ndiye mtu wa nane. Meneja alikuwa Kid Gleason, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika cheo hicho. Timu ilishinda mechi 88, ikapoteza 52, ikaongoza ligi yao.

Lakini nyumba ile ilikuwa na ufa. Wachezaji walikuwa makundi mawili. Upande mmoja alikuwa Collins na wenzake, upande wa pili Chick Gandil wa kituo cha kwanza na marafiki zake. Gandil na Collins walisimama jirani uwanjani kila siku, nao walikuwa hawasemezani. Collins alilipwa karibu dola 15,000 kwa mwaka. Jackson, ambaye kwa gongo hakuwa nyuma yake, alilipwa dola 6,000.

Hapa inafaa niseme jambo kuhusu mishahara, maana kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama kisa cha tajiri bahili na vibarua wenye njaa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Comiskey aliwalipa watu wake kidogo kuliko tajiri yeyote. Kumbukumbu za mikataba zilizochunguzwa baadaye zimeonyesha vingine: jumla ya mishahara ya White Sox ilikuwa miongoni mwa mikubwa zaidi katika ligi ile. Kwa hiyo hawakuwa na njaa. Kilichowakera kilikuwa kitu kingine, nacho kilikuwa cha kweli. Mikataba ya wakati ule ilikuwa na kifungu kilichompa mwenye timu haki ya kumshikilia mchezaji mwaka baada ya mwaka. Mchezaji hakuweza kwenda timu nyingine kutafuta malipo bora. Angekubali alichopewa, au angeacha mchezo. Kifungu hicho kilidumu hadi mwaka 1975. Mtu anaweza kulipwa vizuri na bado akajiona ni mali ya mtu mwingine, na mwenye kujiona mali ya mwingine huanza kuuliza kwa nini na yeye asijiuze.

Jambo la pili ni mji wenyewe. Huwezi kuueleza msimu wa 1919 wa Chicago ukaruka mwezi wa Julai. Tarehe 27 mwezi huo, siku ya Jumapili yenye joto kali, kijana mweusi wa miaka 17 aitwaye Eugene Williams alikuwa akiogelea na wenzake katika Ziwa Michigan, wakielea juu ya chelezo. Chelezo kikavuka mpaka ambao haukuwekwa na sheria yoyote, mpaka kati ya maji ya weusi na maji ya weupe. Mzungu mmoja aliyekuwa ufukweni alirusha mawe, na kijana akazama akafa. Askari aliyekuwapo alikataa kumkamata mtuhumiwa. Machafuko yaliyofuata yaliendelea kwa siku kadhaa, wakafa watu 38, weusi 23 na weupe 15. Zaidi ya 500 walijeruhiwa, na familia karibu 1,000, nyingi zao za watu weusi, zilibaki bila makazi.

Uwanja wa White Sox ulikuwa upande huo huo wa kusini wa mji, kwenye mtaa wa 35, karibu na mstari uliotenganisha mitaa ya weusi na ya weupe. Watu weusi wa Chicago walikuwa wameongezeka kutoka 44,000 mwaka 1910 hadi kufikia 109,000 mwaka 1920, wakikimbia ukatili na umaskini wa kusini mwa Marekani. Miongoni mwao walikuwamo wachezaji hodari wa besiboli. Timu yao, Chicago American Giants, iliyoongozwa na Rube Foster, ilichezea kwenye mtaa wa 39, katika uwanja ule ule ambao White Sox waliuacha mwaka 1910. Hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kuingia katika ligi ya Comiskey. Hakuna kanuni iliyoandikwa ya kuwakataza. Yalikuwa makubaliano ya kimya, kama ule mpaka wa ziwani. Msomaji aniwie radhi kwa kuchepuka, lakini neno hili "kimya" nitalirudia.

Sasa tuje kwenye njama yenyewe. Mwezi Septemba 1919, White Sox wakiwa wanaelekea kutwaa ubingwa wa ligi yao, Gandil alikutana na wacheza kamari. Kulikuwa na makundi mawili ya wacheza kamari, moja halikujua vizuri habari za lingine. Alikuwamo Sport Sullivan wa Boston, alikuwamo Bill Burns aliyewahi kuwa mrushaji, alikuwamo pia Abe Attell aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ndondi. Nyuma yao, fedha zilidhaniwa kuwa za Arnold Rothstein wa New York, ambaye alikana na hakushtakiwa kamwe. Ahadi ilikuwa dola 100,000 wagawane. Wachezaji walikutana hotelini kuzungumza. Weaver alikuwapo. Alisikia, akajua nani yumo na nani hayumo, kisha akaondoka bila kuchukua kitu na bila kumwambia mtu.

Fainali ilikuwa dhidi ya Cincinnati Reds, na bingwa alikuwa ni yule atakayetangulia kushinda mechi tano. Tarehe 1 Oktoba 1919, mjini Cincinnati, Cicotte alirusha mpira wake wa pili na kumpiga nao mgongoni mpigaji wa kwanza wa Reds, Morrie Rath. Inaelezwa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa ishara kwa wacheza kamari kwamba mambo ni tayari. Usiku uliotangulia Cicotte alikwisha kupata dola 10,000. Reds walishinda 9 kwa 1. Kesho yake Williams, mrushaji aliyesifika kwa shabaha, ghafla akawa hana shabaha, na Reds wakashinda 4 kwa 2.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Dickey Kerr. Mrushaji huyu alikuwa mfupi, mgeni katika ligi, na hakuna aliyeona haja ya kumhonga. Akaenda uwanjani na wenzake wengine wakiwa wameuza mchezo, akawafunga Reds mdomo kabisa: 3 kwa 0. Aliporushiwa jukumu tena katika mechi ya sita, akashinda tena, 5 kwa 4, baada ya awamu kumi. Kila nisomapo habari za Kerr hujiuliza alijisikiaje baadaye, alipojua kwamba siku zile hakupambana na timu moja bali moja na nusu.

Walanguzi nao hawakutimiza ahadi. Fedha zilikuja kidogo kidogo, na nyingine hazikuja kabisa. Jackson aliahidiwa dola 20,000, akapata 5,000 kwa mkono wa Williams. Mwizi akimwibia mwizi mwenzake hakuna polisi wa kumshtakia. Baadhi ya wachezaji walikata tamaa na njama, na Cicotte akashinda mechi ya saba, 4 kwa 1. Lakini tarehe 9 Oktoba, mjini Chicago, Williams aliwarushia wapigaji watano tu kabla ya kuondolewa, na Reds walikwisha kupata pointi kadhaa katika awamu ya kwanza. Matokeo ya mwisho yalikuwa 10 kwa 5. Cincinnati wakawa mabingwa kwa mechi tano dhidi ya tatu.

Tazama sasa takwimu. Jackson alipata mapigo 12 katika fainali ile, na wastani wake ulikuwa .375. Watetezi wake husema mtu aliyeuza mechi hapigi hivyo. Huenda, ila fedha alizipokea, na fedha hazina kazi nyingine. Weaver alipata mapigo 11, wastani wa .324, na hakufanya kosa hata moja la ulinzi katika mechi zote nane. Yeye fedha hakupokea.

Minong'ono ilianza kabla hata fainali haijaisha. Meneja Gleason alishuku, na Comiskey aliambiwa mapema. Tajiri huyo alitangaza zawadi kwa atakayeleta ushahidi, akaajiri wapelelezi wa siri, akazuia kwa muda hundi za wachezaji alioshuku. Halafu, msimu wa 1920 ulipokaribia, akawapa mikataba mipya watu wale wale, wengine kwa nyongeza ya mshahara. Gandil peke yake hakurudi. Wengine saba walicheza karibu mwaka mzima, na timu ilikuwa nzuri ajabu: warushaji wanne, Red Faber, Williams, Cicotte na Kerr, kila mmoja alishinda mechi zaidi ya 20. Faber, mtu mwaminifu ambaye maradhi yalimweka nje ya fainali ya 1919, alishinda 23.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwezi Septemba 1920 baraza la mahakama mjini Chicago lilianza kuchunguza kamari katika mchezo. Tarehe 28 Cicotte na Jackson walikwenda kueleza waliyoyafanya, na Williams akafuata. Siku hiyo hiyo Comiskey aliwasimamisha wote saba, zikiwa zimebaki mechi chache, timu ikiwa imepishana kidogo tu na Cleveland. White Sox wakakosa ubingwa wa ligi kwa mechi mbili. Kuna hadithi maarufu ya mtoto aliyemsubiri Jackson nje ya mahakama akimsihi aseme si kweli. Jackson mwenyewe alikana hadi mwisho kwamba jambo hilo lilitokea, na inaelekea ni nakshi ya waandishi wa magazeti. Watu walihitaji mtoto wa kulia kwa niaba yao.

Kesi ilisikilizwa katikati ya mwaka 1921. Karatasi za maungamo zilikuwa zimepotea katika mazingira ya ajabu. Weaver aliomba kesi yake isikilizwe peke yake, akakataliwa. Tarehe 2 Agosti 1921 wazee wa baraza waliwaachia wote huru. Furaha yao ilidumu usiku mmoja. Wenye timu walikwisha kumteua jaji wa serikali kuu, Kenesaw Mountain Landis, kuwa msimamizi mkuu wa mchezo wote mwenye mamlaka yasiyohojiwa, na kesho yake, tarehe 3 Agosti, Landis alitangaza kwamba wote wanane hawatacheza tena. Alieleza kwamba uamuzi wa mahakama haukumhusu, na kwamba mchezaji aliyeuza mechi, mchezaji aliyeahidi kuiuza, na mchezaji aliyekaa na wauzaji akasikia mipango yao asiseme, wote kosa lao ni moja.

Hilo la tatu lilimlenga Buck Weaver.

Nimelifikiria neno la Landis mara nyingi, na nitasema ni kwa nini. Zamani niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa pamba. Iligundulika kwamba mizani ya ghalani ilikuwa imechezewa. Kila mkulima alipunjwa kilo kadhaa katika kila gunia, na tofauti iliuzwa kwa faida ya watu wachache. Walioshiriki walijulikana. Lakini alikuwapo karani mmoja kijana ambaye kazi yake ilikuwa kuandika stakabadhi. Yeye hakugawiwa chochote. Alipoitwa mbele ya kamati alisema, "Wazee wangu, mimi sikula hata senti." Mzee mmoja mkulima akamjibu kwa upole, "Mwanangu, hatukuulizi ulikula nini. Tunakuuliza ulijua tangu lini." Kijana akainamisha kichwa.

Aliachishwa kazi pamoja na wezi. Mimi niliunga mkono, na ningeulizwa leo ningeunga mkono tena, kwa sababu mkulima aliyebeba gunia lake kwa baiskeli maili sita hakuwa na mlinzi mwingine pale ghalani isipokuwa yule kijana na kalamu yake. Lakini nilisimama nikauliza jambo la pili. Kulikuwa na mkubwa mmoja ambaye taarifa za mizani zilimfikia msimu mzima uliopita, kwa maandishi, naye akaziweka ndani ya mtoto wa meza. Je, kipimo tulichompimia karani hakimpimi na yeye? Ukumbi ulinyamaza. Mkubwa yule alihamishiwa kituo kingine, akaagwa kwa chakula na hotuba.

Ndiyo maana nikisoma hukumu ya Landis naikubali nusu ya kwanza. Mchezo, kama mizani, unaishi kwa kuaminiwa. Mtu wa Chicago aliyelipa kiingilio chake kutoka katika mshahara wa machinjioni hakuwa na namna ya kujua yaliyosemwa hotelini. Weaver alijua. Weaver alimwona Kerr, mdogo yule, akitoka jasho kwa ajili ya timu iliyokwisha kuuzwa, na hakumwambia neno. Nafahamu uzito wa kumsaliti rafiki. Kwetu pia mtoa siri huitwa majina mabaya. Lakini kuna siri ya rafiki na kuna siri inayowaibia watu elfu thelathini waliokaa vitini.

Nusu ya pili ndiyo inayonikwama kooni. Kama kujua na kunyamaza ni kosa sawa na kuuza, basi orodha ya Landis ina upungufu. Comiskey alishuku akiwa na sababu, akachunguza, akapata ya kutosha kumnyima usingizi, kisha akawarudisha wachezaji uwanjani mwaka mzima kwa sababu walikuwa wanashinda na kujaza uwanja. Yeye ni mtu wa tisa. Mwaka 1924 Jackson alipomshtaki mjini Milwaukee akidai mshahara wake, zile karatasi za maungamo zilizopotea wakati wa kesi zilionekana mikononi mwa wakili wa upande wa Comiskey. Baraza lilimpa Jackson ushindi, jaji akautengua na kumweka ndani kwa kusema uongo chini ya kiapo. Jackson kweli alikuwa amesema uongo. Lakini hakuna aliyewekwa ndani kwa ajili ya safari ya zile karatasi. Comiskey alifariki mwaka 1931, na mwaka 1939 jina lake likaingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo.

Na Landis mwenyewe? Aliutawala mchezo hadi alipokufa mwaka 1944. Anasifiwa kwamba aliusafisha, na kuhusu kamari sifa hiyo ni ya haki. Lakini katika miaka yake yote ile, hakuna mchezaji mmoja mweusi aliyeingia katika ligi zile kubwa. Makubaliano ya kimya yalidumu mbele ya macho ya mtu aliyefundisha kwamba kunyamaza ni hatia. Rube Foster hakusubiri. Februari 1920, mjini Kansas City, aliongoza kuanzishwa kwa Negro National League, ligi ya watu weusi. Mlango wa ligi kubwa ulifunguliwa tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoichezea Brooklyn. Foster alikuwa amekwisha kufa mwaka 1930.

Weaver alibaki Chicago, mji ule ule. Aliomba kusamehewa mara nyingi, akakataliwa kila mara. Jackson alifariki mwaka 1951 huko South Carolina, ambako alikuwa na duka la pombe. Weaver alifariki Januari 1956, akitembea barabarani mjini Chicago. Tarehe 13 Mei 2025 wasimamizi wa mchezo walitamka kwamba adhabu ya kufungiwa maisha hukoma mtu anapokufa, na kwa tamko hilo Jackson, Weaver na wenzao wakaondolewa katika orodha. Huo si msamaha wala kufutiwa kosa. Ni kusema tu kwamba maisha yakiisha, kifungo cha maisha nacho kimeisha. Marehemu hana la kufanya na uhuru huo, isipokuwa jina lake kujadiliwa tena.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kawaida methali hiyo humlenga mwizi wa ndani. Mimi nadhani inamlenga pia anayemwona mwizi huyo akipita ukumbini na kumpisha njia. Weaver alimpisha, akalipa kwa miaka 35. Nisingemwondolea deni lake. Ningetaka tu ankara ile ile ipelekwe pia ofisini juu, kwa watu waliojua zaidi yake, waliokuwa na uwezo kuliko yeye, na ambao kunyamaza kwao kuliwaletea faida aliyoikataa.